Bima ya afya isigeuzwe deni la maskini

Mjadala kuhusu bima ya afya nchini umepamba moto tangu Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilipotiwa saini mnamo Oktoba 2023. Wapo wanaoiona kuwa neema iliyochelewa. Wapo wanaoiona kuwa kodi nyingine iliyovishwa kanzu ya huruma. Bungeni na mahakamani, makanisani na misikitini, ndani ya matatu na katika vyumba vya walimu, kila mtu ana lake la kusema.

Kelele nyingi zimeizunguka asilimia 2.75 ambayo kila mwenye mshahara hukatwa. Ningependa kuwaonyesha wasomaji, hasa walimu wenzangu na wanafunzi wetu, kwamba kiini cha tatizo hakimo katika asilimia hiyo. Kimo katika namna na wakati ambapo mwananchi asiye na mshahara anatakiwa kulipa. Jambo hilo lisiporekebishwa, mpango wote utayumba, na mwenye mshahara atakuwa wa kwanza kuumia pamoja na maskini.

Tuanze na historia, kwa maana mgala muue na haki yake umpe. Mwaka wa 1965, serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliondoa ada kwa wagonjwa wasiolazwa katika hospitali za umma. Mwaka uliofuata, hazina ambayo wengi wetu tuliijua kwa herufi NHIF ikaundwa ili kuwasaidia wafanyakazi wa mishahara kugharimia kulazwa. Mnamo Desemba 1989, katika enzi za masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, ada zilirejeshwa kwa jina la kugawana gharama. Dirisha la karani wa fedha likawa mlango wa kwanza, na chumba cha daktari kikawa cha pili.

Mwaka wa 2004, aliyekuwa Waziri wa Afya, Bi. Charity Ngilu, alipeleka Bungeni mswada wa bima kwa Wakenya wote. Wabunge waliupitisha mwezi wa Desemba mwaka huo, lakini Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini. Kwa hivyo, fikra ya bima kwa wote haikuzaliwa jana. Hata sheria hii ya sasa ilipita njia yenye miiba. Mnamo Julai 2024, Mahakama Kuu iliamua kwamba ilikiuka Katiba kwa sababu, miongoni mwa nyingine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa ilisimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ikaanza kazi mahali pa NHIF.

Sasa tutazame hesabu, na ningewaomba wanafunzi wachukue kalamu. Chini ya NHIF, mwenye mshahara wa Sh20,000 alikatwa Sh750 kwa mwezi. Leo anakatwa Sh550. Mwenye Sh50,000 alikatwa Sh1,200. Leo anakatwa Sh1,375. Mwenye Sh100,000 alikatwa Sh1,700. Leo anakatwa Sh2,750. Na bwana mkubwa wa Sh500,000, ambaye zamani alilipa Sh1,700 ile ile, leo anatoa Sh13,750. Aliye chini ya takriban Sh33,000 amepunguziwa mzigo, na aliye juu ya hapo ameongezewa. Kwa kipimo cha haki peke yake, mwenye nguvu kubeba gunia zito zaidi si dhuluma. Isitoshe, tangu mwisho wa Desemba 2024 mchango huo huondolewa kwanza ndipo kodi ya mapato ikokotolewe.

Hata hivyo, pana swali ambalo viongozi wetu hawapendi kulijibu. Mwajiri yuko wapi? Katika ushuru wa nyumba, mfanyakazi hutoa asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Katika akiba ya uzeeni ya NSSF, mwajiri pia hutoa sehemu yake. Linapofika suala la ugonjwa, mfanyakazi huachwa atoe peke yake. Ni ajabu kwamba sheria inamdai mwajiri achangie paa la nyumba, lakini haimdai achangie uhai wa mtu atakayelala chini ya paa hilo.

Pamoja na hayo, nasema bila kusita kwamba bima ni jambo la lazima. Chukua mfano wa mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki. Kwa kiwango kilichotangazwa na Wizara ya Afya mwaka wa 2024, kila safari moja hulipiwa Sh10,650. Kwa majuma 52, jumla ni Sh1,107,600. Mchango wa chini kabisa wa kaya moja ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe, na utaona kwamba mgonjwa huyo mmoja huhitaji michango ya kaya 308, na kaya hizo zote ziwe hazijaugua. Hakuna ukoo, hakuna chama cha kina mama, hakuna kanisa wala msikiti wa kijijini unaoweza kubeba mzigo huo mwaka nenda mwaka rudi. Umoja ni nguvu, na bima ni umoja uliowekwa katika daftari.

Lakini umoja huo hauna maana ikiwa wengi wamebaki nje. Zaidi ya wafanyakazi wanane katika kila kumi nchini hujipatia riziki katika sekta isiyo rasmi. Hawa ni mafundi wa juakali, mama mboga, wahudumu wa bodaboda, wavuvi, vibarua wa mashamba na wakulima wadogo. Serikali hujivunia kwamba watu zaidi ya milioni 20 walikuwa wamejisajili kufikia mwaka wa 2025. Hilo ni jambo jema, na aliyejisajili anastahili matibabu ya zahanati na kituo cha afya bila malipo. Akihitaji kulazwa au kupasuliwa katika hospitali kubwa, kusajiliwa pekee hakumfai kitu. Sharti awe amelipa.

Na hapa ndipo penye mwiba. Mwalimu hukatwa kila mwezi kabla hata hajauona mshahara wake. Mtu wa kipato kisicho rasmi hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Chini ya NHIF alilipa Sh500 kila mwezi, yaani Sh6,000 kwa mwaka. Leo, akipangiwa kiwango cha chini, atalipa Sh3,600 tu. Kwenye karatasi amepata nafuu kubwa. Nyumbani kwake mambo ni tofauti. Sh500 alizipata kwa kujinyima siku chache. Sh3,600 kwa pamoja ni karo ya mtoto, ni mbegu na mbolea, ni kodi ya chumba. Mtu anayehesabu fedha zake kwa siku hawezi kudaiwa kwa mwaka. Si kwamba hataki. Fedha hizo hazikai mkononi mwake kwa wakati mmoja.

Tena, riziki za watu hawa hazifuati kalenda ya ofisi. Mkulima wa mahindi kule Trans Nzoia hushika fedha baada ya mavuno. Mkulima wa majani chai hungoja marupurupu ya mwaka. Mwenye mikorosho kule Kilifi na Kwale ana msimu wake. Mvuvi wa Ziwa Victoria hupata leo na kukosa kesho. Mpango usiojua misimu ya watu wake ni sawa na mwalimu anayetoa mtihani siku ya likizo, kisha akawalaumu wanafunzi kwa kutofika.

Jambo la pili ni jinsi kiwango chenyewe kinavyokadiriwa. Kwa kuwa mama mboga hana hati ya mshahara, yeye huulizwa maswali kuhusu nyumba anamoishi, maji anayotumia na mali alizo nazo, kisha mtambo hukisia kipato chake. Wengi wamelalamika kwamba kiasi walichopangiwa hakifanani na hali yao. Mjane anayeishi katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na marehemu mumewe anaweza kuonekana tajiri, ilhali hana hakika ya chakula cha jioni. Mtambo huona ukuta. Hauoni sufuria tupu.

Serikali imetambua kwamba malipo ya mkupuo ni kikwazo. Dawa iliyotoa ni mpango unaoitwa Lipa SHA Pole Pole, ambao humkopesha mwananchi mchango wake wa mwaka ili aulipe kidogo kidogo. Nia ni njema. Lakini najiuliza, kwa nini mtu akopeshwe ili alipe kwa mkupuo, badala ya hazina kupokea mchango wake pole pole moja kwa moja? Bima ni ngao dhidi ya madeni ya hospitali. Tukianza kuinunua ngao yenyewe kwa deni, tumemwondolea maskini mkopeshaji mmoja na kumletea mwingine.

Huenda mwalimu akasema kwamba hayo ni ya mama mboga, yeye hayamhusu. Yanamhusu sana. Katika vyumba vyetu vya walimu, ile karatasi ya michango bado inazunguka mezani. Leo ni ya mzazi wa mwanafunzi aliyefanyiwa upasuaji, kesho ni ya mpishi wa shule, keshokutwa ni ya shemeji ya mwenzetu ambaye maiti yake haijaruhusiwa kutoka hospitalini. Mwalimu aliyekwisha kukatwa asilimia 2.75 huandika jina lake na Sh500 mbele yake, kwa maana utu haumruhusu kupitisha karatasi bila kuandika. Kwa hivyo, analipa mara mbili. Analipia bima yake, kisha analipia ukosefu wa bima ya jirani yake. Harambee imekuwa bima ya pili, isiyo na daftari wala kikomo, na hakuna takwimu ya serikali inayoihesabu.

Wanafunzi nao wamo. Mwaka wa 2018 ulianzishwa mpango wa EduAfya, uliowapa wanafunzi wa shule za sekondari za umma matibabu kupitia NHIF. Mpango huo haupo tena. Mwanafunzi sasa hutegemea bima ya mzazi wake. Mtoto wa bweni akiugua usiku wa manane, mwalimu wa zamu humpeleka hospitali, na huko swali la kwanza ni kama mzazi amelipa. Mtoto ambaye babaye ni fundi wa baiskeli na mtoto ambaye mamaye ni karani wa benki huketi dawati moja na hula githeri ya sufuria moja. Mbele ya dirisha la hospitali hutenganishwa.

Majirani zetu wa Rwanda wamekuwa na bima ya jamii kwa zaidi ya miaka 20, nayo pia hudai mchango wa mwaka. Lakini wananchi wake wengi huweka akiba ya bima kidogo kidogo katika vikundi vya vijijini viitwavyo ibimina. Na kwa miaka mingi, madaraja ya uwezo wa kaya yalipangwa na wanakijiji wenyewe, wanaojuana kwa mema na mabaya. Sisi tuna vyama vya ushirika, vyama vya akiba na mikopo na vyama vya kina mama vilivyojaa kila tarafa. Twavitumia kununulia ng'ombe na mabati. Kwa nini tusivitumie kukusanyia bima?

Yote haya yatahitaji imani, na imani haikatwi kwenye mshahara. NHIF ilizikwa ikiwa na deni la mabilioni ya shilingi kwa hospitali. Mwanzoni mwa 2025, hospitali za kibinafsi zilipunguza huduma zikidai malipo. Mwaka huo huo, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alitilia shaka jinsi mtambo wa SHA wa Sh104.8 bilioni ulivyonunuliwa, na Wizara ya Afya ikazisimamisha hospitali kadhaa kwa tuhuma za kudai malipo ya wagonjwa hewa. Mwananchi anayeyasikia haya redioni huku akiombwa mkupuo wake wa mwaka ana haki ya kusita.

Kwa hivyo, natoa wito kwa Bunge na Wizara ya Afya. Kwanza, asiye na mshahara aruhusiwe kulipa kwa mwezi au kwa msimu wake wa mapato, bila mkopo. Pili, anayeona amekadiriwa vibaya apewe njia rahisi ya kukata rufaa karibu na kwake, mbele ya watu wanaomjua. Tatu, mwajiri achangie. Nne, hazina itangaze kila mwezi ilichokusanya na ilichowalipa wenye hospitali, kaunti kwa kaunti.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Haki hiyo haikuandikwa kwa wenye hati za mshahara pekee. Siku mama mboga atakapoweza kulipia bima yake kwa fedha za mauzo ya wiki, bila kukopa wala kuomba, ile karatasi ya michango itapungua mezani petu, na asilimia 2.75 ya mwalimu itakuwa imenunua kitu cha maana.