Milango Mitano ya Furaha Shambani

Na Mwandishi Wetu

Mkulima mwenzetu, hebu jiulize: jana ulipokuwa ukipalilia, ulisikia ndege gani akilia? Udongo chini ya nyayo ulikuwa wa baridi au wa moto? Wengi wetu hatuwezi kujibu. Mikono ilishika jembe, lakini akili ilikuwa kwenye deni la shamba, karo ya mtoto na bei ya mahindi. Siku imepita, nasi hatukuwamo.

Mwezi huu tulikwenda Junda, katika Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa, karibu na mkono wa bahari wa Tudor. Huko mashamba si makubwa kama ya skimu, nyumba zimesongamana. Lakini bado wapo wenye minazi, mihogo na mchicha, na mmoja wao alitufundisha jambo linalomfaa kila mwenye shamba.

Bibi na gunia la mahindi

Tulimkuta bibi mmoja mjane ameketi kizingitini, kikombe cha chai mkononi. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, wanangu. Ngojeni nimalize chai yangu, kisha tuzungumze." Tukangoja. Maji yalikuwa yamekupwa, na upepo ulileta harufu ya matope ya mikoko.

Alipomaliza alitueleza. "Mume wangu alipofariki nililima miaka miwili kama mtu aliyelala. Nalikwenda shamba, nikarudi, sikuona kitu. Siku moja mjukuu wangu wa miaka sita akaniambia, 'Bibi, chumba chanuka uvundo.' Kumbe gunia la mahindi limeota ukungu pembeni, nami nalala chumba kile kile! Nikalia. Sikulilia mahindi, nililia kwamba mtoto anaishi humu ndani na mimi simo."

Tangu siku ile alijiwekea sharti dogo: kila asubuhi hunywa kikombe kimoja bila kufanya wala kuwaza jingine. Akili ikienda kwenye madeni, huirudisha kwenye chai, kama mtu arudishavyo mbuzi zizini. "Huzuni haikwisha," alisema, "lakini siku zangu zimerudi."

Wataalamu nao wameona hivyo

Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitoa habari za uchunguzi wao. Waliwauliza watu 2,250 kwa njia ya simu, saa mbalimbali za siku, wanafanya nini, wanawaza nini, na wana furaha kiasi gani. Waliona ya kuwa karibu asilimia 47 ya wakati, akili za watu hao hazikuwa kwenye jambo walilokuwa wakilifanya. Na akili ikizurura, furaha hupungua. Basi bibi wa Junda hakukosea.

Milango aliyo nayo mkulima

Wazee waliita fahamu zetu milango mitano. Mkulima anayo kazi inayoifungua yote.

Sikio: Tikisa nazi karibu na sikio. Dafu lililojaa halisemi kitu. Nazi iliyokomaa hulia maji ndani, kwa kuwa maji yamepungua na nafasi imepatikana.

Pua: Mvua ya kwanza ya masika ikiigusa ardhi kavu, simama unuse. Harufu ile hutokana na mafuta ya mimea yaliyonywewa na udongo na mawe, pamoja na kazi ya vijidudu viishivyo udongoni. Mwaka 1964 wataalamu wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliitungia jina la kitaalamu. Mkulima aliijua kabla ya jina.

Mkono: Fumbata udongo wa shamba. Ukisagika kama vumbi, una kiu. Ukishikamana kama ugali, usiulime bado.

Jicho: Tazama chini ya majani ya mchicha kabla ya jua kali. Utaona umande unavyong'aa, na utawaona wadudu wangali wachache.

Ulimi: Onja muhogo wako uliochemshwa, polepole, kama kwamba hujapata kuula. Ni jasho lako hilo.

Ona basi kwamba furaha na faida huingia kwa mlango mmoja. Aliyesimama kunusa ndiye anayeugundua uvundo mapema.

Jihadhari na jambo hili

Fahamu zetu zina mpaka. Mwaka 2004 katika nchi yetu ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Mahindi yanaweza kuwa na sumu hiyo ingawa hayanuki wala hayaonyeshi dalili, na kuyapika hakuiondoi. Kwa hiyo kausha vema, juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Kisha pima: tia mahindi kiasi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, funga, tikisa sana, ngoja kama dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Yaliyoota ukungu usile, wala usiwape kuku na ng'ombe.

Anza kesho

Hatusemi kwamba kunusa udongo kutalipa deni. Deni hulipwa kwa mazao na hesabu nzuri. Tena, mtu ambaye huzuni imemkaba wiki nyingi, halali wala hali, na aende zahanati, si aibu. Lakini deni likikunyima fedha, lisikunyime na asubuhi pia.

Kesho chagua mlango mmoja tu. Panda mstari mmoja wa mahindi huku ukisikiliza jembe likiingia ardhini. Akili ikitoroka, usiigombeze, irudishe. Siku ya pili fanya mistari miwili.

Tulipoaga, bibi alitupa dafu moja kila mtu. "Msinywe mkitembea," alisema. "Kaeni kwanza." Tukakaa.