Ujiji Yatufunza Subira Yenye Kazi

Wahenga walisema baada ya dhiki faraja. Usemi huu hutamkwa sana misibani na barazani, na mara nyingi hutamkwa na yule ambaye dhiki haijabisha hodi mlangoni pake. Leo twataka kuupima kwa ushahidi wa mji mmoja wa kale ulioko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mji wa Ujiji, ambao kwa zaidi ya miaka mia na hamsini umepatwa na mikasa ya kila namna na hata hivyo haukutawanyika. Twauleta ushahidi huu mbele ya ndugu zetu wa Visiwani, ambao nao huishi kwa hisani ya maji, na mbele ya watumishi wa Serikali, ambao maamuzi yao huweza kuifupisha dhiki ya mwananchi au kuirefusha.

Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora. Njia hiyo ndiyo iliyopitisha pembe za ndovu, na pamoja nazo binadamu waliofungwa minyororo, hadi Bagamoyo na Unguja. Watu wa ng'ambo wakiutaja mji huu humkumbuka Livingstone na Stanley waliokutana hapo mwaka 1871. Lakini mji haukujengwa na hao wawili. Ulijengwa na wenyeji wa ziwani, na Waswahili wa pwani, na Wamanyema waliotoka ng'ambo ya Kongo, wengi wao wakiwa wameng'olewa makwao kwa nguvu. Watu walioletwa bila hiari yao walijenga nyumba, wakapanda miembe, wakaoana na majirani, wakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya watoto wao. Huo ndio ushindi wa kwanza wa Ujiji, kwamba ugenini paligeuzwa kuwa nyumbani.

Kisha maji yenyewe yakageuka. Mwaka 1878 ziwa liliuzibua mlango wa mto Lukuga upande wa Kongo, na katika miaka iliyofuata likashuka kiasi cha mita 10, na ufuko ukausogea mji mbali. Haijapita miaka mingi reli ya kati nayo ikafika ziwani, mwaka 1914, lakini haikuishia Ujiji. Iliishia Kigoma, kilomita chache upande wa kaskazini, ambako ghuba ina kina kinachofaa meli. Bandari, ofisi na maduka vikaifuata reli. Miji mingine imekufa kwa sababu ndogo kuliko hizo. Watu wa Ujiji walishika nyavu, wakashika randa na tezo za kuundia vyombo, wakashika biashara ya dagaa na mawese. Na leo miji hiyo miwili ni manispaa moja yenye kubeba majina yote mawili.

Lipo somo jingine lielealo katika ziwa hilo hilo. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli huko Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaisafirisha kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata, maadui wao walipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Wabelgiji waliiinua ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakazikuta injini hazijaharibika, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mwezi Mei 2015, ikiwa imetimiza miaka mia tangu iguse maji, meli hiyo ndiyo iliyowachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, kijiji cha mpakani kilichofurikwa na makumi ya maelfu ya watu na kuingiliwa na kipindupindu, ikawafikisha Kigoma.

Ni dhahiri kwamba meli ile haikuokolewa na bahati. Iliokolewa na grisi iliyopakwa kabla ya msiba, na na watu ambao hawakukubali kwamba jaribio la kwanza lililoshindikana ndilo la mwisho. Hapo ndipo penye tofauti kati ya subira na uvivu. Mvivu hungoja mambo yabadilike, na mwenye subira hufanya kazi wakati akingoja.

Wavuvi wa dagaa wa Ujiji waijua tofauti hiyo vizuri. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa; mbalamwezi ikiwaka, taa hupoteza nguvu yake ya kuwavuta. Basi kila mwezi mvuvi hulazimika kukaa nchi kavu siku kadhaa, na katika siku hizo hushona nyavu, huziba nyufa za chombo, hutengeneza taa. Giza likirejea humkuta tayari.

Mwaka 2024 mbalamwezi hiyo ilirefushwa kwa amri. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa, kufuatana na makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaana na kukua. Sababu ilikuwapo. Nyavu zimezidi, na wataalamu walikwisha kueleza tangu mwaka 2003 kwamba joto la maji ya juu huzuia maji ya kilindini yenye rutuba kupanda, hata chakula cha samaki kikapungua. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 laweza kuonekana halina mwisho, lakini mali yake ina mwisho.

Hata hivyo hatuna budi kusema kweli. Miezi mitatu si siku za mbalamwezi. Mwenye chombo huweza kuwa na akiba. Kibarua anayelipwa kwa fungu la alichovua usiku ule hana. Mama anayenunua dagaa alfajiri, akawaanika, akawauza jioni ili apike, naye hana. Hao ndio waliobeba mzigo mzito wa uamuzi ulio na faida kwa wote, na haki yadai wasiubebe peke yao.

Ndugu zetu wa Pemba wana la kutueleza hapa. Huko Kisiwa Panza wananchi walianza kufunga sehemu ya miamba yao ya pweza kwa muda maalumu, wakaifungua pweza wakishakua. Eneo hufungwa kidogo, watu hukubaliana mapema, na wanakijiji wenyewe ndio walinzi. Ziwa kubwa haliwezi kuendeshwa kama mwamba mmoja, lakini njia ya kushauriana yafaa kote.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wetu wa mikoa ya ziwani wazipake injini grisi mapema. Tarehe za kufunga zitangazwe wakati wavuvi bado wana cha kuweka akiba. Mikopo iwafikie vibarua na wachuuzi wanawake kupitia vikundi na vyama vyao, isiishie kwa wenye vyombo. Michikichi na vizimba vya kufugia samaki vishughulikiwe mwaka mzima, maana mche hauzai kwa miezi mitatu. Na nchi zote nne zishike kalenda moja, kwani dagaa hajui mpaka.

Kwa wavuvi nao twasema, nyavu za macho madogo zinazokamata vichanga hula mbegu ya kesho, na hakuna Serikali iwezayo kumsaidia mtu anayekula mbegu yake. Wazee wa Ujiji walihimili minyororo, wakahimili ziwa lililowakimbia na reli iliyowapita, kwa sababu kila mara walitafuta kazi ya mikono yao na hawakuachana. Urithi huo wanao wajukuu wao. Wajibu wa viongozi ni kuhakikisha kwamba ziwa litakapofungwa tena, jiko la kibarua na la mchuuzi halizimiki.