TULIMWITA "PIKIPIKI MBOVU", AKAISHIA MACHUNGANI

Mpenzi msomaji, wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya mitindo ya nywele. Nina dhambi yangu mwenyewe. Isome mpaka mwisho ndipo unitukane.

Nilianza shule ya msingi hapa hapa Bariadi, enzi zile tukiwa bado Mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijazaliwa mwaka 2012. Darasa la tatu tulibanana wanne kwenye dawati moja, na mmoja wetu alikuwa na kigugumizi. Mwalimu akimuuliza swali, neno la kwanza linagoma kutoka: "Ni-ni-ni-ni..." Siku moja nikaropoka, "Pikipiki mbovu hiyo, ipigeni kiki!" Darasa zima likaangua kicheko. Nikajiona bonge la mchekeshaji.

Kumbe nilikuwa nimempa silaha mbabe wa darasa la sita! Jamaa akawa anamvizia mwenzetu wakati wa mapumziko, anamnyang'anya michembe aliyofungiwa na mama yake, kisha anamlazimisha "kuwaka" mbele ya watu ndipo amrudishie nusu. Sisi tumezunguka duara, tunacheka. Wengine roho zilituuma, lakini nani aende kusema? Ukimwambia mwalimu wa zamu unaitwa mmbea, na kesho michembe inayoliwa ni yako.

Darasa la nne hakurudi. Watu wakasema, "Si unajua tena Usukumani, ng'ombe wamemvuta." Basi, yakaishia hapo.

NG'OMBE WALISINGIZIWA

Mwezi uliopita nikakutana naye mnadani. "Mwangaluka!" nikamwamkia. Akanitazama weee, halafu akatabasamu. "We-wewe ndo wa pikipiki."

Alikuwa ameuza dume. Mnunuzi alipoleta karatasi ya mauzo, mshikaji akaninyooshea mimi nimsomee bei iliyoandikwa. Mimi huyu huyu! Nikasoma koo limekauka. Akatia dole gumba. Nilipomwomba radhi akasema, "Ng'ombe ha-hawajawahi kunicheka." Jamani, hata soda aliyoninunulia ilinishinda.

TUFANYEJE?

Wengi watasema mbabe acharazwe bakora. Haya, lakini yule wetu bakora alikuwa anazila nyumbani na shuleni, ndiko alikojifunzia kuwa mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Mtoto anatoa alichopewa.

Wenzetu wa Norway walizinduka baada ya wavulana watatu kujiua mwishoni mwa 1982. Mwaka 1983 mtaalamu Dan Olweus akaanza kufuatilia wanafunzi wapatao 2,500 wa shule 42 za mji wa Bergen. Walimu walisimama uwanjani wakati wa mapumziko, kila darasa likajiwekea sheria dhidi ya uonevu, wazazi wakaitwa wakae kikao. Uonevu ukapungua kwa karibu nusu! Hapo hakuna mtambo wa mamilioni, ni watu wazima kufungua macho tu.

Hayo Bariadi yanatushinda nini? Mwalimu wa zamu asijifungie ofisini mapumziko. Uonevu unapikwa nyuma ya vyoo na kwenye foleni ya maji. Kiranja apewe kazi ya kuwaangalia wanyonge, asipewe fimbo ya kuwachapa. Watoto wafundishwe kuwa kumsemea mwenzako ili achapwe ni umbea, ila kusema ili mwenzako aokolewe ni ushujaa.

Na wewe mzazi, mwanao akirudi na njaa ilhali ulimfungia chakula, usimwite mlafi. Muulize taratibu, "Nani amekula michembe yako?" Akianza kuumwa tumbo kila Jumatatu, nenda shule ukaulize. Kama hakuna anayekusikiliza, piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto nchi nzima.

Lakini dawa kubwa iko kwetu sisi tuliokuwa kwenye lile duara. Mbabe alikuwa mmoja, tuliocheka tulikuwa arobaini. Tungenyamaza siku moja tu, angemwonyesha nani ubabe wake?

Mshikaji wangu amekubali nimfundishe kusoma kila nikienda mnadani. Neno la kwanza alilotaka kuliandika ni jina lake, lile alilopewa na mama yake.

Tukutane wiki ijayo.