Barabara Imefika, Huduma Je?

Kila msimu wa bajeti, mafanikio ya usafiri vijijini hutangazwa kwa kilometa: zilizochongwa, zilizowekwa changarawe, na chache zilizobahatika kupata lami. Kazi yenyewe si ndogo. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, unasimamia mtandao unaozidi kilometa 144,000, na sehemu kubwa bado ni udongo mtupu. Mwaka 2021 serikali iliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli ili kuzihudumia barabara hizo, na hatua hiyo ilistahili. Hata hivyo, kilometa hupima kazi ya mkandarasi. Hazituambii mjamzito wa kitongoji cha mbali hufika kituo cha afya baada ya saa ngapi mwezi wa Aprili, wala nauli yake ni sawa na madebe mangapi ya mahindi. Mpango unaoanza na barabara badala ya kuanza na safari ya mama huyo unaweza kutumia fedha nyingi na kumwacha palepale alipo.

Jambo hili lilikwisha kuchunguzwa hapahapa nchini Tanzania, katikati ya miaka ya 1980. Wilaya ya milimani ya Makete, ambayo wakati huo ilikuwa katika Mkoa wa Iringa na sasa iko Njombe, ilifanyiwa utafiti kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu namna kaya zinavyosafiri. Ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya muda wa safari haitumiki kwenye barabara za magari. Inaishia kwenye vijia vya ndani na kandokando ya kijiji: kwenda kuchota maji, kutafuta kuni, kupalilia, kusaga unga. Mzigo mwingi ulibebwa kichwani, na wabebaji wakuu walikuwa wanawake. Greda likipita barabara ya wilaya hata mara tatu kwa mwaka, ndoo za wanawake hao hazipungui uzito. Mradi uliotokana na utafiti huo haukuzitupa barabara, lakini ulishughulikia pia njia za miguu na kuhimiza matumizi ya punda. Mwaka 1993 Jonathan Dawson na Ian Barwell walitoa kitabu kinachodai wazi kwamba barabara peke yake hazitoshi. Kwa maoni yangu, somo la Makete lilipaswa kutajwa katika kila kikao cha bajeti cha halmashauri. Ni nadra kusikia likitajwa.

Kipimo cha kimataifa nacho kina tundu. Benki ya Dunia ilitangaza mwaka 2006 kipimo kinachohesabu watu wa vijijini wanaoishi ndani ya kilometa 2 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima, na sasa kimo katika Malengo ya Maendeleo Endelevu. Kinafaa kulinganisha nchi na nchi. Kijijini, mtu anaweza kuishi karibu na barabara nzuri isiyopitiwa na basi hata moja, au akatenganishwa nayo na korongo lisilovukika masika. Safari ya kijijini hukatikia mahali padogo: kalavati lililosombwa, mteremko wa mfinyanzi, kijito kilichofurika. Barabara ya kilometa 20 yenye mita 30 zisizopitika ni barabara isiyopitika. Ndiyo maana kutibu sehemu korofi kwanza huleta faida kubwa kuliko kuchonga urefu wote. Utafiti wa Wyatt Brooks na Kevin Donovan huko Nikaragua, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba mafuriko hupunguza kipato cha vibarua wa vijijini kwa asilimia 18 pale pasipo na daraja, na kwamba madaraja ya waenda kwa miguu huondoa hasara hiyo. Kwetu, TARURA imeanza kujenga madaraja ya mawe yanayotumia mafundi na mawe ya mahali husika, kwa gharama ndogo kuliko ya zege. Hapo ndipo penye fedha iliyotumika vizuri.

Safari nyingine hazihitaji kufupishwa kwa barabara bali kufutwa kabisa. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la kituo cha maji kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani. Mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007 ulilenga zahanati kila kijiji. Hayo nayo ni mambo ya usafiri, ingawa yamo katika mafaili ya wizara nyingine. Panapobaki umbali, mpangilio unaweza kuuziba: katika mfumo wa m-mama, wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, mtu hupiga namba 115 bila malipo, na kama gari la wagonjwa halipatikani huitwa dereva wa jamii anayelipwa kwa simu. Gari lilikuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni wa kuliita na wa kulilipia.

Wapo watakaosema huku ni kuwanyima wanavijiji lami na kuwapa punda. Pingamizi hilo lina uzito. Mkulima wa korosho wa Tandahimba hawezi kulifikia soko kwa punda, anahitaji lori la Fuso. Lakini sisemi barabara zisijengwe, nasema zipangwe kwa kufuata safari, tena kwa ukubwa tunaoweza kuutunza. Barabara pana isiyo na fedha za matengenezo hurudi kuwa makorongo baada ya masika machache, ilhali mitaro inayozibuliwa na vikundi vya kijiji huilinda changarawe na kuacha ujira palepale. Wengine watasema bodaboda imemaliza tatizo. Imelipunguza kweli. Lakini bei yake hupanda usiku na wakati wa mvua, yaani hasa inapohitajika, na mama mwenye uchungu hastahili kupakiwa mshikaki kwenye utelezi.

Waheshimiwa madiwani, kabla ya kupitisha orodha ya barabara za mwaka ujao, itisheni mikutano ya vijiji na muulize maswali mawili: safari gani inawachosha zaidi, na inakatikia wapi mvua ikinyesha? Wanawake wajibu kwanza.