Hesabu ya Watu na Shamba Lako

Mzee mmoja wa Msambweni, mwenye minazi na mihogo, aliuliza swali ambalo lafaa lijibiwe hapa ili wakulima wote wa Kwale wapate kusikia. Alisema, "Mwanangu, nimeambiwa watu wa Kwale wameongezeka 33 kwa mia. Je, nikizidisha mihogo na mchicha kwa theluthi, nitauza yote Ukunda? Na dalali ataka nimkatie viwanja shamba la barabarani, asema mji waja mbio."

Mzee, hesabu hiyo ni ya kweli, lakini haisemi hayo.

Mwaka 2009 Kwale ilihesabiwa watu 649,931. Mwaka 2019 walikuwa 866,820. Nyongeza ni watu 216,889, yaani kama 33 katika kila 100. Lakini hiyo ni nyongeza ya miaka kumi. Kwa mwaka mmoja haifiki 3 kwa mia. Tena ni ya Kwale nzima, tangu Kinango kwenye ng'ombe na ukame mpaka Diani kwenye hoteli. Mtoto aliyezaliwa Kinango amehesabiwa sawa na mpishi aliyehamia Ukunda, na mtoto yule hanunui mchicha wako.

Sasa tazama Mombasa. Katika miaka ile ile ilipanda kutoka watu 939,370 hata 1,208,333, kama 29 kwa mia tu. Basi Kwale imeishinda Mombasa? La. Mombasa ilipata watu wapya 268,963, wengi kuliko wetu. Mwenye mbuzi wawili akipata wa tatu ameongeza 50 kwa mia, lakini bado ana mbuzi watatu. Atafutaye walaji wengi atawapata ng'ambo ya kivuko cha Likoni.

Jambo jingine: mtu huandikwa pale alipolala usiku wa hesabu. Mwaka 2019 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, na mgeni aliyelala hotelini aliandikwa pia. Miezi saba baadaye, Machi 2020, ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa kwa ajili ya Korona, na hoteli nyingi za Diani zikafunga milango. Wenyeji wa Ukunda walikuwapo bado, lakini mishahara ilikatika, na aliyezoea kuziuzia hoteli mapapai alikosa mnunuzi. Kuhesabu vichwa si kuhesabu mifuko.

Hesabu za uchumi nazo zina mambo yake. Septemba 2014 Serikali ilibadili mwaka wa kulinganishia kutoka 2001 kuwa 2009, ikaingiza na kazi ambazo hazikuwa zikihesabiwa vizuri. Pato la Kenya likaonekana limezidi kwa robo nzima. Hakuna mnazi uliozaa dafu la ziada siku ile.

Kwa hiyo dalali akikutajia hesabu, muulize: ni ya miaka mingapi, ya mahali gani, na ni kwa mia ya watu wangapi? Dalali wengi hawapendi swali la tatu.

Mzee wetu alishauriwa aende soko la Ukunda siku tatu mbalimbali, akae tu atazame. Aliona mihogo ikirudi nyumbani na wenyewe, lakini mchicha ulikwisha kabla ya saa nne. Amepanda matuta sita ya mchicha karibu na kisima. Shamba la barabarani hajaliuza.