Kuzitunza Nywele Zirefuke

Wanawake wengi wenye nywele za kipilipili hudhani kwamba nywele zao hazikui, ilhali nywele za kichwa hukua takriban sentimita 1 kila mwezi, na aghalabu kinachozizuia kurefuka ni kukatika nchani, kwa sababu unywele uliojisokota hauyaachi mafuta ya asili ya ngozi kuteremka kutoka shinani, hivyo ukabaki mkavu na dhaifu. Kwa hiyo utaratibu wowote wa kuzitunza sharti uanze na unyevu.

Nywele na zioshwe kila juma, au kila baada ya majuma mawili, kisha, zingali na majimaji, zipakwe mafuta ya nazi, ambayo mabibi wa mwambao wameyatumia tangu zamani, nayo hupenya ndani ya unywele wenyewe. Ndipo zigawanywe mafungu, na kila fungu lichanwe kwa chanuo lenye meno mapana, kuanzia nchani kwenda shinani, na fundo likikutwa lifumuliwe kwa vidole.

Linalonihuzunisha zaidi ni kuwaona watoto wa kike waliosukwa kwa kuvutwa hata nyusi zikainuka na vipele vikatoka kandokando ya kipaji: hayo si urembo bali ni madhara, kwani shina likivutwa hivyo miaka mingi hufa, na nywele zake huenda zisirudi abadan. Msusi na aombwe alegeze mkono, na misuko ifumuliwe kabla ya miezi miwili kutimia. Usiku, kitambaa cha hariri kichwani huzikinga nywele zisikwaruzwe na foronya ya pamba.