Simu Iliyoumia: Je, Bado Inafaa Kutumika?

Mwezi huu tunazungumza juu ya kitu ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi: simu ya mkononi yenye kioo cha kugusa, ile inayoitwa simu janja. Huenda ukajiuliza, ukurasa wa afya unahusikaje na simu? Unahusika kwa sababu simu iliyoharibika vibaya huweza kukata, kuunguza, na hata kuwasha moto nyumbani. Tena ni kitu cha bei, kwa hiyo mwenye nayo haitupi kwa urahisi. Simu imeanguka kutoka kwenye pikipiki, imekanyagwa na gari, au imetumbukia katika ndoo ya maji. Mwenyewe huiokota, huibonyeza, na ikiwaka husema kwa furaha, "Imepona!"

Hapo ndipo penye hatari. Simu kuwaka si ushahidi kwamba ni nzima. Sisi wauguzi tunapompokea mtu aliyepata ajali, haturidhiki kwa sababu tu anaongea. Kwanza tunatafuta kile kinachoweza kumwua. Katika simu, kitu hicho ni betri.

Betri ikoje?

Simu hizi hutumia betri za ioni za lithiamu, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1991 na kampuni ya Sony ya Japani. Ndani ya betri mna tabaka mbili, chanya na hasi, zinazotenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Vyote vimelowa katika kimiminika kinachoshika moto upesi. Simu ikipondwa au kupindwa, utando huo huweza kutoboka. Tabaka zikigusana, hutokea shoti, joto hupanda, na joto hilo huzaa joto jingine mpaka betri iwake. Si lazima itokee papo hapo. Yaweza kutokea baada ya saa au siku kadhaa, hasa simu inapochajiwa.

Mwaka 2016 kampuni ya Samsung iliziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note7, kwa sababu baadhi ziliwaka moto kutokana na kasoro ndani ya betri. Hizo zilikuwa simu mpya. Basi tuwe waangalifu zaidi na ile iliyokanyagwa na gari.

Hatua ya kwanza: chunguza betri

Kama simu imezimika, usiiwashe. Kama inawaka, izime. Usiichomeke kwenye chaja. Kisha ichunguze hivi:

1. Kwa macho. Ilaze mezani, kioo kikielekea chini, maana nyuma kamera huwa imechomoza. Je, inayumba kama kigoda chenye mguu mfupi? Je, kioo au mgongo wake umeinuka na kuacha mwanya pembeni? Hizo ni dalili za simu kupinda au betri kuvimba.

2. Kwa pua. Usiisogeze usoni. Ukisikia harufu tamu na kali, kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha, au harufu ya plastiki iliyoungua, betri inavuja au imeanza kuungua.

3. Kwa mkono na sikio. Simu iliyozimwa haitakiwi kuwa na joto lake yenyewe, wala kutoa sauti ya kuchemka.

Dalili moja tu ikionekana, uchunguzi umekwisha: simu hiyo isiwashwe wala isichajiwe. Iweke nje juu ya mchanga mkavu au saruji, mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto. Usitoboe betri iliyovimba ati utoe upepo. Mwite fundi anayeijua kazi hiyo. Akiitoa betri mbovu na kuweka nzima, huenda simu ikafaa tena.

Iliyoingia maji ina sharti lake. Ifute, toa laini, iache siku kadhaa mahali penye hewa, tundu la chaji likielekea chini. Usiiweke jikoni wala kwenye jua kali. Wengi huifukia katika mchele, lakini mchele hauisaidii. Kampuni ya Apple ilionya mwaka 2024 kwamba chembe za mchele zaweza kuiharibu simu. Maji ya chumvi ni mabaya zaidi, kwa kuwa hula vyuma vya ndani.

Hatua ya pili: kioo

Kioo kilichopasuka hutoa vipande vidogo vinavyoingia kidoleni na shavuni. Bandika utepe wa plastiki unaopitisha mwanga juu ya kioo chote kabla ya kukigusa, wala usimpe mtoto simu hiyo achezee. Kipande kikiingia jichoni, usisugue. Nenda hospitali.

Hatua ya tatu: pima kazi zake

Sasa washa simu bila chaja. Bonyeza alama moja ya programu, ishikilie, kisha ivute polepole toka pembe hadi pembe. Pale inapokuponyoka kila mara, kioo hakisikii tena. Kama kioo kinajibonyeza chenyewe, usirudishe laini, maana simu yaweza kupiga au kutuma kitu bila wewe kutaka.

Kisha weka laini, mpigie mtu, na umwulize kama anakusikia vizuri.

Mwisho ni chaji. Fanya mchana, juu ya sakafu ya saruji, nawe ukiwa hapo hapo. Kitandani na chini ya mto ni marufuku. Kwa nusu saa ya kwanza iguse kila baada ya dakika tano. Vuguvugu ni kawaida, lakini ikiwa moto hata kuishika kunakushinda, kata umeme mara moja. Ukiisha kuichomoa, iache saa nzima bila kuitumia. Chaji ikishuka upesi, au simu ikizimika yenyewe, usiitegemee. Hasa mama anayekaribia kujifungua asiitegemee simu ya namna hiyo kuita usafiri usiku.

Kumbuka pia kwamba fedha za M-Pesa na huduma kama hizo hazimo ndani ya simu. Hufuata namba yako. Hamishia laini katika simu nyingine, na namba za ndugu ziandike daftarini. Hofu ya kupoteza fedha isikufanye uchaji simu yenye betri iliyovimba.

Ikiwaka moto

Toa watu nje, wala msivute moshi wake, kwani una sumu. Ikiwezekana bila hatari, kata umeme, kisha mwagia simu maji mengi kutoka mbali. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na bangili mapema kabla ya uvimbe. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Funika kidonda kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali.

Simu isiyofaa tena usiitupe motoni, chooni wala katika shimo la takataka. Itunze mahali salama mpaka umpate fundi au duka linalopokea betri mbovu.

Kwa hiyo, simu inayofaa ni ile iliyopita hatua zote tatu, kwa mpangilio huo huo. Betri ikishindwa, usiendelee na hatua nyingine, hata kama kioo kinang'aa na simu inaita.